Brian Orser: kocha aliyeuweka kando mruko wake mwenyewe

Brian Orser alipata jina kwa mruko mmoja wa mchezo wa kuteleza kwa sanaa juu ya barafu. Nchini kwake Canada walimwita Bwana Axel Tatu, na mtu akitaja mruko huo miaka ya 1980, jina lake lilikuwa linakuja lenyewe. Februari 2010 alikuwa amesimama kando ya uwanja wa barafu mjini Vancouver akiwa kocha, na mwanafunzi wake, Yuna Kim wa Korea Kusini, akatwaa dhahabu ya Olimpiki bila kuuruka mruko huo hata mara moja. Aliyeuruka ni mpinzani wake, Mao Asada wa Japani. Aliuruka mara tatu katika mashindano yale yale, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya kwenye Olimpiki. Asada akapata fedha.

Hapo ndipo kisa hiki kinaponishika. Mchezaji akistaafu na kuanza kufundisha, kishawishi kikubwa ni kumfinyanga mwanafunzi awe yeye wa pili, aende akamalizie kazi pale mwalimu alipoishia. Orser alikuwa na sababu ya kufanya hivyo kuliko makocha wengi ninaowajua, kwa kuwa dhahabu yake ilipotea kwa tofauti ndogo sana, mbele ya watu wake, tena kwa kupungukiwa na mruko ule ule uliompa jina. Ninachotaka kukipima ni namna alivyoliweka deni hilo mbali na wanafunzi wake, na mahali aliposhindwa.

Kwanza huo mruko. Katika mchezo huu wa kuteleza kwa sanaa, miruko karibu yote mtu huingia akiwa ameipa mgongo njia anayokwenda. Axel pekee ndiyo anayoingia akitazama mbele, akisukuma kwa ukingo wa nje wa bapa la kiatu, na kutua akienda kinyumenyume. Kwa hiyo ndani ya Axel kuna nusu mzunguko wa ziada: inayoitwa ya mizunguko mitatu ina mizunguko mitatu na nusu. Jina limetokana na Mnorwei Axel Paulsen, aliyeuonyesha mwaka 1882. Ilipita karibu karne nzima kabla mtu hajatua na mizunguko mitatu katika mashindano. Alikuwa Vern Taylor, Mkanada, kwenye mashindano ya dunia ya 1978 mjini Ottawa. Orser akaja baada yake na kuufanya kuwa silaha ya kila siku. Mwaka 1984 mjini Sarajevo akawa mtu wa kwanza kuutua kwenye Olimpiki.

Alizaliwa Belleville, jimbo la Ontario, tarehe 18 Desemba 1961, akakulia mji mdogo wa Penetanguishene. Kocha wake alikuwa Doug Leigh, aliyekuwa akifundisha Orillia, na alibaki na mwalimu huyo huyo miaka yote ya mashindano. Alikuwa bingwa wa Canada mara nane mfululizo, kuanzia 1981 hadi 1988. Rekodi ya namna hiyo ilikuwa inasubiri kitu kimoja tu.

Sarajevo ilimpa onjo la kwanza la hesabu za mchezo huu. Wakati ule mashindano yalikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa michoro ya lazima: mtelezaji anachora umbo la nane na maumbo mengine juu ya barafu kwa bapa la kiatu, anayarudia juu ya mstari ule ule, kisha waamuzi wanainama kukagua alama zilizobaki. Kazi ya subira na ya kimyakimya, bila muziki. Baada yake onyesho fupi, kisha onyesho refu. Nafasi ya mtu kwenye michoro ilizidishwa kwa 0.6, ya onyesho fupi kwa 0.4, na ya onyesho refu kwa 1.0, mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Orser alikuwa wa 7 kwenye michoro. Maonyesho yote mawili yaliyofuata alikuwa wa kwanza, akimwacha Mmarekani Scott Hamilton nafasi ya pili mara zote mbili. Hesabu ikatoka 3.4 kwa Hamilton na 5.6 kwake. Waliokuwa ukumbini waliona Orser akimshinda Hamilton mara mbili kwa macho yao, lakini dhahabu ilikuwa imeshaondoka siku ya michoro. (Michoro hiyo ilifutwa kwenye mashindano ya kimataifa baada ya 1990. Wapo wanaoililia mpaka leo.)

Ikafuata miaka ya kuwa wa pili: fedha ya dunia 1984, 1985 na 1986. Hatimaye mwaka 1987 mjini Cincinnati, Marekani, Orser akatua Axel mbili za mizunguko mitatu ndani ya onyesho refu moja, akawa bingwa wa dunia, na aliyevuliwa ubingwa alikuwa Brian Boitano, Mmarekani, akiwa kwao. Majina yao yalikuwa sawa, umri wao ulikaribiana, na Olimpiki ilikuwa imebakiza chini ya mwaka mmoja. Magazeti hayakuhitaji kutafuta habari nyingine. Vita vya Brian wawili, waliiita.

Alichokifanya Boitano baada ya kipigo hicho kinastahili kutazamwa, maana ni somo ambalo Orser mwenyewe alikuja kulitumia akiwa kocha. Boitano alikuwa mrukaji hodari ambaye watu walimwona mkavu. Badala ya kuongeza nguvu tu, alikwenda kwa Sandra Bezic, mtunzi wa miondoko kutoka Canada, nchi ya mpinzani wake, akamjengea maonyesho mapya yaliyoendana na mwili wake, urefu wake na namna yake ya kusimama. Alirudi akiwa mtelezaji mwingine.

Calgary, Februari 1988. Orser ndiye aliyebeba bendera ya Canada siku ya ufunguzi. Nchi ilikuwa mwenyeji, bingwa wa dunia alikuwa wao, na Waswahili tungesema mcheza kwao hutunzwa. Kwenye michoro Boitano alikuwa wa 2, Orser wa 3. Onyesho fupi Orser wa kwanza, Boitano wa pili. Ukizidisha, kabla ya onyesho refu Boitano ana 2.0 na Orser 2.2. Maana yake: atakayeshinda usiku wa tarehe 20 ndiye bingwa, hakuna hesabu nyingine.

Boitano alitangulia. Alitua kila kitu, zikiwemo Axel mbili za mizunguko mitatu, zile zile mbili ambazo Orser alikuwa amemshinda nazo mwaka uliotangulia. Orser akaingia baadaye, ukumbi wote ukiwa wake. Alitua Axel ya kwanza. Katikati akayumba kidogo kwenye mruko mmoja, kosa ambalo mtu asiyejua mchezo asingeliona. Kisha, mwishoni, pale alipokuwa amepanga Axel ya pili, akazunguka mara mbili badala ya tatu.

Waamuzi walikuwa tisa. Wanne walimweka Orser mbele, watatu wakamweka Boitano. Wawili waliobaki walitoa jumla sawa kwa wote wawili, na kanuni ilisema ukitokea usawa katika onyesho refu inatazamwa alama ya ufundi. Wote wawili walikuwa wamempa Boitano ufundi wa juu zaidi. Watano kwa wanne. Mwamuzi mmoja angegawa alama zake kinyume, jumla ingekuwa 3.2 kwa Orser na 4.0 kwa Boitano. Badala yake ikawa 3.0 kwa Boitano na 4.2 kwake. Canada ilimaliza michezo iliyoiandaa bila dhahabu hata moja.

Nimeyaandika mahesabu haya kirefu kwa sababu mtu akisema tu "alishindwa kwa kidogo" haelezi chochote. Kilichompokonya Orser dhahabu kina jina na kina mahali pake ndani ya muziki: ni ile Axel ya pili. Mtu kama huyo akigeuka mwalimu, unategemea kila mtoto atakayepita mikononi mwake atarukishwa Axel mpaka barafu ipasuke.

Haikuwa hivyo, na sehemu ya sababu pengine ni kwamba hakuwa na haraka ya kufundisha. Aliacha mashindano mwaka ule ule wa 1988 na kuingia kwenye maonyesho ya kulipwa, akizunguka Amerika Kaskazini na kundi la Stars on Ice kwa karibu miaka 20. Boitano aligeuka kuwa mwenzake wa kazi. Mwaka 1990 wao wawili na Mjerumani Katarina Witt walitunukiwa tuzo ya Emmy kwa filamu iliyochezwa juu ya barafu. Nafikiri miaka hii inapuuzwa sana watu wanaposimulia habari zake. Kwenye maonyesho hakuna mwamuzi. Kuna watu walionunua tiketi Jumanne jioni katika mji usioujua, na wewe una miaka 35 na magoti yako, na lazima uwape kitu. Huko mtelezaji anajifunza kwamba kinachoshika macho ya watu ni mwendo uliopo kati ya mruko na mruko.

Katikati ya miaka ya 2000 yeye na Tracy Wilson walishika kazi ya kuongoza watelezaji kwenye klabu kongwe ya Toronto iitwayo Toronto Cricket, Skating and Curling Club. Wilson alikuwa mtelezaji wa dansi ya barafuni, aliyepata shaba pale pale Calgary mwaka 1988 akiwa na mwenzake Rob McCall. Namtaja kwa makusudi, maana habari nyingi husema "Orser" kana kwamba alikuwa peke yake. Kazi maarufu kuliko zote katika klabu ile ni darasa la pamoja la Wilson la kusukuma barafu: watelezaji wa ngazi zote, bingwa wa Olimpiki na kijana aliyefika juzi, wanazunguka uwanja pamoja wakifanyia kazi kingo za bapa, magoti, mkao wa mgongo na namna ya kupata kasi bila kuonekana unaitafuta. Hakuna kuruka. Ni kama kwaya inayoanza kila siku kwa kupasha sauti, hata kama ndani yake kuna mwimbaji wa sifa. Pembeni wakawepo watunzi wa miondoko kama David Wilson, na kocha wa miruko, Ghislain Briand. Yaani Bwana Axel Tatu aliajiri mtu mwingine wa kusaidia kufundisha miruko. Mwenye kiburi hafanyi hivyo.

Yuna Kim alifika Toronto mwaka 2006 akiwa na miaka 15, kwa ajili ya kutungiwa onyesho na David Wilson. Orser bado alikuwa na maonyesho yake na hakuwa amejipanga kuwa kocha wa mtu wa kiwango kile. Alianza kwa kusaidia, na mwaka 2007 akawa kocha wake kamili. Hakuwahi kuwa na mwanafunzi wa kumpeleka Olimpiki kabla yake.

Binti huyo alikuwa na kitu ambacho hakikuhitaji Axel ya mizunguko mitatu. Alikuwa akiingia kwenye mruko uitwao Lutz, wa mizunguko mitatu, kwa kasi kubwa, anatua, na bila kupumua anaunganisha mruko mwingine wa mizunguko mitatu, toe loop. Kufikia wakati huo mfumo wa alama ulikuwa umebadilika. Kashfa ya waamuzi huko Salt Lake City mwaka 2002 iliua alama za zamani zenye kilele cha 6.0, na sasa kila kitendo kilikuwa na bei yake, kikiongezewa au kupunguziwa kwa ubora. Msimu wa Vancouver, Axel ya mizunguko mitatu ilikuwa na thamani ya 8.2. Lutz na toe loop za Kim zikiunganishwa zilikuwa 10.0. Katika onyesho fupi Asada aliunganisha Axel yake na toe loop ya mizunguko miwili: 9.5. Kabla ya ubora kuhesabiwa, yule asiye na Axel alikuwa tayari mbele kwa nusu pointi katika kitendo kikuu, na ubora ndio uliokuwa nyumba ya Kim.

Orser angeweza kuutafuta mruko wake ndani ya mwili wa Kim. Alikuwa anaujua kuliko karibu kila kocha duniani, na mpinzani mkuu alikuwa anautumia; shinikizo la kujibu kwa silaha hiyo hiyo lilikuwepo. Badala yake walisafisha kilichokuwepo. Mwaka 2009 mjini Los Angeles Kim akawa bingwa wa dunia kwa pointi 207.71, mwanamke wa kwanza kuvuka 200. Vancouver alipata 78.50 onyesho fupi, 150.06 onyesho refu, jumla 228.56, na alama zote tatu zilikuwa rekodi za dunia. Asada, pamoja na Axel zake tatu, alifikisha 205.50.

Waliotazama usiku ule wanakumbuka pia kocha. Orser alikuwa nyuma ya ubao wa uwanja akiruka kila Kim alipokuwa anaruka, mtu wa miaka 48 amevaa suti, miguu inaondoka chini kwa wakati mmoja na ya binti. Sioni haya kusema kwamba mimi humtazama yeye kuliko ninavyomtazama Kim. Ilikuwa Canada, ilikuwa Olimpiki, na miaka 22 ilikuwa imepita.

Miezi sita baadaye wakaachana. Agosti 2010 habari zilitoka hadharani kwa namna isiyopendeza, upande wa kocha na upande wa mchezaji kila mmoja akitoa maelezo yake, na mashabiki wakagawanyika. Siingii humo. Ninachokiona ni kwamba kocha wa mchezo huu ni mwajiriwa wa mwanafunzi, hata kama mwanafunzi ana miaka 19 na kocha ni shujaa wa taifa. Hakuna mkataba wa shukrani.

Baada ya Kim, uwanja ule wa Toronto ukawa mahali pa kukimbilia. Mwaka 2011 akaja Javier Fernández wa Madrid, mwenye kipaji kikubwa, kutoka nchi ambayo haikuwa na bingwa hata mmoja wa Ulaya katika mchezo huu. Mwaka 2012 akaja Yuzuru Hanyu, miaka 17, tayari na shaba ya dunia. Hanyu ni wa Sendai. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa lilimkuta akiwa juu ya barafu mazoezini, akatoka mbio na viatu vyake vya barafu miguuni. Uwanja wake ukafungwa, na kwa miezi alifanya mazoezi popote alipopata nafasi kwenye maonyesho. Alipoamua kuhama nchi, sababu mojawapo ya kuichagua Toronto ilikuwa Fernández: alitaka kufanya mazoezi karibu na mtu mwenye mruko mzuri uitwao Salchow, wa mizunguko minne.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Orser aliwaweka. Wote wawili walikuwa wanaitaka dhahabu ile ile, wanapanda barafu ile ile asubuhi, wanazunguka pamoja kwenye darasa la Wilson. Hapa kuna swali halali la maadili ambalo wachambuzi walimuuliza na linastahili kuulizwa: kocha anawezaje kumpa kila mmoja ushauri wa kumshinda mwenzake? Sidhani kuna jibu safi. Jibu lake la vitendo lilikuwa kwamba hakufundisha mtu kumshinda mtu. Alimfundisha kila mmoja kufanya onyesho lake. Kwenye mashindano alisafiri na makoti ya timu tofauti na kuyabadilisha kulingana na mwanafunzi aliyekuwa anaingia uwanjani.

Sochi 2014 ilikuwa mtihani wa kwanza. Hanyu alipata 101.45 kwenye onyesho fupi, mtu wa kwanza kuvuka 100 kwenye Olimpiki, kisha akaanguka mara mbili kwenye onyesho refu na bado akashinda kwa 280.09. Aliyekuwa nyuma yake kwa 275.62 ni Patrick Chan, Mkanada, aliyeingia kama tumaini la nchi nzima. Hadi Olimpiki ya Beijing 2022 hakuna mwanamume wa Canada aliyewahi kutwaa dhahabu ya mchezo huu kwa mtu mmoja mmoja, na usiku ule aliyekaa kando ya Mjapani aliyeuzuia mlango alikuwa Orser, yule yule aliyebeba bendera mwaka 1988. Fernández naye alikosa shaba kwa pointi 1.18. Katika benchi moja, kocha mmoja, furaha na msiba.

Halafu zizi likaanza kutoa matunda kwa pande zote. Fernández alikuwa bingwa wa Ulaya mara saba mfululizo, 2013 hadi 2019. Shanghai 2015 alimpita Hanyu kwa 273.90 dhidi ya 271.08 na kuwa bingwa wa dunia. Boston 2016 alianza onyesho refu akiwa nyuma ya Hanyu kwa pointi 12, akamaliza mbele kwa karibu 20. Bingwa wa Olimpiki alikuwa anashindwa na mtu anayefunga naye viatu kwenye benchi moja kila siku, na hakuna aliyehama.

Kuna siku moja ninayomlaumu. Novemba 2014, pia Shanghai, Hanyu aligongana na mtelezaji wa China wakati wa kupasha mwili, wote wawili wakabaki wamelala juu ya barafu, damu ikatoka. Alichunguzwa, akafungwa bendeji kichwani, na akaruhusiwa kushindana. Alianguka mara tano akapata fedha. Watu wengi walisifu ujasiri ule. Mimi naona kijana wa miaka 19 aliyegongwa kichwa hapaswi kuachiwa uamuzi huo, na mtu mzima aliye karibu naye ndiye mwenye kazi ya kusema hapana hata kama atachukiwa. Kanuni ya kumwacha mtelezaji awe mwenye onyesho lake ina mpaka, na siku hiyo ulivukwa.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja Novemba 2017. Hanyu aliumia kifundo cha mguu wa kulia mazoezini Osaka akijaribu Lutz ya mizunguko minne. Hakushindana tena mpaka Olimpiki ya PyeongChang, na aliporudi kwenye barafu zilikuwa zimebaki wiki chache. Vijana wa wakati huo walikuwa wanashindana kwa idadi ya miruko ya mizunguko minne. Nathan Chen wa Marekani alitua sita katika onyesho refu la michezo ile. Hanyu aliiacha Lutz, akaiacha na loop, akabaki na Salchow na toe loop, mbili alizoziamini kwenye mguu ule. Ni Vancouver tena: jenga kwa mbao ulizonazo. Chen alishinda onyesho refu kwa 215.08, lakini alikuwa ameharibu onyesho fupi, akamaliza wa 5 kwa jumla. Hanyu alipata 111.68 na 206.17, jumla 317.85, akawa mwanamume wa kwanza kutetea dhahabu hiyo tangu Dick Button mwaka 1952.

Fernández aliingia mara tu baada yake. Orser akakaa naye pia kusubiri alama: 305.24, nyuma ya Shoma Uno mwenye 306.90. Shaba, nishani ya kwanza ya Hispania katika mchezo huu kwenye Olimpiki, kwa mtu aliyeikosa kwa pointi 1.18 miaka minne nyuma. Nyuma ya jukwaa watelezaji wale wawili walikumbatiana, Hanyu akilia, kwa kuwa alijua mwenzake hatarudi kwenye Olimpiki nyingine.

Si kila aliyekwenda Toronto alipata alichokifuata. Evgenia Medvedeva wa Urusi, bingwa wa dunia mara mbili, alihamia mwaka 2018, akapata shaba ya dunia 2019, kisha janga la korona likamfungia njia na mwaka 2020 akarudi kwa kocha wake wa zamani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kufundisha kingo za bapa kwa simu ya video ni fimbo ya mbali kweli. Jason Brown, Mmarekani aliyehamia mwaka huo huo wa 2018, alibaki. Hakuwahi kuwa na mruko wa mizunguko minne wa kutegemewa, na Beijing 2022 alimaliza wa 6 bila kuutumia hata mmoja, akiwa amezungukwa na watu walioitupa minne na mitano. Klabu iliyoendeshwa na mpenda miruko isingemtunza mtelezaji wa namna hiyo kwa miaka yote hiyo.

Hanyu naye alikuwa amerudi Sendai wakati wa janga, akifanya mazoezi usiku, peke yake. Alikuwa na kitu kimoja alichokitaka, na hakikuwa dhahabu ya tatu: Axel ya mizunguko minne, minne na nusu kwa hesabu kamili, mruko ambao hakuna mtu aliyekuwa ameutua katika mashindano. Makocha wake walijua hatari yake. Beijing, tarehe 10 Februari 2022, akiwa wa 8 baada ya onyesho fupi na nishani ikiwa mbali, alianza onyesho refu kwa mruko huo. Aliingia akitazama mbele, kama Axel inavyodai, akapanda, akazunguka, akaanguka. Alimaliza wa 4. Lakini kwenye karatasi ya alama, kwa mara ya kwanza katika historia ya mchezo, mruko huo ulitambuliwa kuwa 4A, ingawa mizunguko haikukamilika: Axel iliyopita ile ya Orser kwa mzunguko mzima, aliyoichagua mwanafunzi mwenyewe.